Kabla Hujaandika "Hawaogelei"

Wadogo zangu mnaoanza maabara mwaka huu, karibuni. Nimepitia madaftari yenu ya wiki za mwanzo na neno moja limejaa kila ukurasa: "hawaogelei." Aina asili, hawaogelei. Mutanti (wenye jeni lililobadilika), hawaogelei. Vibrio wa maji ya bahari, hawaogelei. Waliowatangulia waliandika hivyo hivyo, na waliotangulia hao vilevile, na karibu kila mara bakteria walikuwa wazima chupani, wanaogelea vizuri kabisa, mpaka walipofikiwa na mkono wa mtu. Nayaandika haya pamoja kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuyarudia mlangoni mwa inkubeta kwa mmoja mmoja. Najua mnaweza kutengeneza mchuzi wa triptoni, kulenga hadubini ya fezi na kusoma OD (kipimo cha ukungu wa mchuzi, yaani wingi wa seli), kwa hiyo hayo siyagusi.

Kila kanuni ya mezani kwetu imezaliwa na fizikia ya kitu kidogo kinachoogelea. Anayeijua fizikia hiyo hahitaji kukumbushwa kanuni.

1. Sahauni bahari mnayoijua

Nahodha wa feri ya Likoni hupunguza injini kabla ya kufika gatini, na chombo kinaendelea kuja chenyewe kwa uzito wake. Bakteria hana nafasi hiyo. Escherichia coli ana urefu wa mikromita 2 na upana wa 1. Akiwa anakwenda mikromita 30 kwa sekunde kisha mota zake zikasimama, anasimama palepale, kwa muda usiofika mikrosekunde moja, na umbali atakaokuwa amesogea ni kama sehemu ya kumi ya angstromu, mdogo kuliko atomu ya haidrojeni. Aliyeipiga hesabu hiyo ni Edward Purcell, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 1952 kwa kazi ya sumaku za viini vya atomu, na aliichapisha mwaka 1977. Ipigeni wenyewe: uzito wa maji kwa ujazo, kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, zidisha kwa mwendo, zidisha kwa urefu wa seli, gawanya kwa mnato wa maji. Mnapata namba ya Reynolds, yaani uwiano wa inesia kwa mnato, ya karibu 0.00006. Huku chini mnato ndio mtawala, na inesia haina kazi.

Matokeo yake ni makubwa. Kiumbe anayesogeza kiungo mbele kisha akakirudisha kwa njia ileile hafiki popote, hata akienda mbele haraka na kurudi polepole. Ndiyo maana sentensi ya "flagela hupigapiga maji" (flagela ni ule uzi mrefu wa kuogelea) naikata kwa kalamu nyekundu kila mwaka. Mkia wa mbegu ya kiume ndio unaopiga, na unaendeshwa na daineini zinazotumia ATP katika urefu wote wa mkia. Flagela ya bakteria inazunguka. Mota yake, yenye upana wa nanomita 45 hivi, imekaa ndani ya utando wa seli, na inaendeshwa na protoni zinazoingia, si na ATP moja kwa moja. Howard Berg na Robert Anderson walitoa hoja ya mzunguko mwaka 1973. Mwaka 1974 Michael Silverman na Melvin Simon wakaionyesha kwa macho: waligandisha flagela kwenye kioo kwa kingamwili, na kwa kuwa uzi ulishikwa, kiwiliwili chote cha seli kikawa ndicho kinachozunguka.

Uzi wenyewe una unene wa nanomita 20 na urefu wa mikromita 5 hadi 10, nao umejisokota kwa mkono wa kushoto, kila mzunguko ukichukua mikromita 2.3 hivi. Chukua kipande kifupi cha uzi huo. Kukiburuta majini kwa ubavu kunahitaji nguvu karibu mara 2 ya kukiburuta kwa urefu wake. Kwa kuwa kila kipande kimekaa mshazari, ukinzani wa maji hauji moja kwa moja kinyume cha mwendo wake, na sehemu ya nguvu inabaki ikielekea kwenye mhimili. Hiyo sehemu iliyobaki ndiyo msukumo wote wa bakteria.

Msidhani maji yanaushika uzi huo kikamilifu. Fungu la flagela (E. coli ana kadhaa, na zikizunguka hufungamana pamoja) likizunguka mara 100 kwa sekunde, kwa mikromita 2.3 kila mzunguko, lingetembea mikromita 230 kwa sekunde kama lingekuwa limepenya kwenye kitu kigumu. Seli inakwenda 25. Sehemu iliyobaki inapotea kwa kuteleza. Na nguvu ya kuisukuma seli hiyo haifiki pikonyutoni moja: chukua 6π, mnato, nusu kipenyo cha mikromita 1 na mwendo wa 25, utapata karibu 0.5.

Mtu aliyeelewa nguvu hizi ni ndogo kiasi gani hawezi kushika mrija wa seli hizi jinsi nilivyowaona mkiushika wiki iliyopita. Tuingie huko.

2. Wanaokata flagela ni nyinyi

Hili nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi.

Kijana anakuza seli vizuri mpaka OD 0.5. Anazigawa kwenye mirija ya mililita 1.5, anaweka sentrifuji mizunguko 13,000 kwa dakika kwa sababu ndivyo alivyozoea anapotoa plazmidi. Anamwaga maji ya juu, anaongeza bafa (maji yenye chumvi za kutunza pH), anaushikilia mrija juu ya vorteksi, ile mashine ya kutikisa, mpaka tonge la seli lililoganda chini liyeyuke lote. Halafu, kwa kujihakikishia, anachukua pipeti ya mikrolita 200 na kuvuta na kutema mara ishirini. Anaweka tone kwenye slaidi. Seli zinatetemeka mahali pamoja. Anaandika neno lake.

Hebu tuifuate kazi hiyo kwa namba. Nguvu ya sentrifuji ni 0.00001118 mara nusu kipenyo cha rota kwa sentimita mara mizunguko kwa dakika ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Kwa rota ya sentimita 8, mizunguko 13,000 ni zaidi ya 15,000 g, yaani mara 15,000 ya mvutano wa dunia. Mizunguko 4,000 ni kama 1,430 g, na hiyo inatosha kabisa kuzishusha seli. Kwa 15,000 g tonge linashikamana kiasi kwamba haliachiki bila nguvu, na nguvu ndiyo inayokata. Kwa hiyo kosa la sentrifuji linazaa kosa la vorteksi, na la vorteksi linazaa la pipeti.

Sasa pipeti. Maji yakipita kwenye tundu jembamba, yaliyo katikati yanakimbia na yaliyo ukutani yamesimama. Uzi wa flagela wenye urefu mara 250 hadi 500 ya unene wake unajikuta ncha moja iko kwenye maji ya kasi na nyingine kwenye maji ya polepole. Kiwango cha mkwaruzo huo ukutani ni 4 mara kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde, gawanya kwa π mara nusu kipenyo cha tundu kwa kipeo cha tatu. Ncha ya pipeti yenye mdomo wa milimita 0.5, ukivuta mikrolita 200 kwa nusu sekunde, inatoa karibu 33,000 kwa sekunde. Ikate ncha hiyohiyo kwa mkasi safi mpaka mdomo uwe milimita 2, vuta kwa mwendo uleule, unapata kama 500. Mara 64 chini, kwa sababu ya kile kipeo cha tatu tu. Ukivuta kwa sekunde 2 badala ya nusu, unashuka hadi 130 hivi. Mkasi wa shilingi chache umeokoa kazi ya wiki nzima.

Na ukitaka kujua kwamba sitii chumvi: wanaotaka kukata flagela kwa makusudi hupitisha seli kwenye sindano nyembamba ya geji 26, kutoka bomba moja hadi jingine na kurudi, kama mara 50. Njia hiyo inajulikana na inategemewa. Mnayoifanya kwa vorteksi na pipeti ni kazi ya aina hiyohiyo, bila kukusudia.

Seli iliyokatwa haifi. Inapumua, inagawanyika ikipewa chakula, mota zake zinazunguka kama kawaida zikiwa na vishina. Ndiyo maana OD haiwaambii kitu, na rangi ya kupima uhai haiwaambii kitu. Uzi unaweza kuota tena, kwa kuwa flagelini mpya (protini inayoujenga uzi) hupita ndani ya uzi wenyewe na kujipanga kwenye ncha ya mbali, lakini seli lazima iitengeneze hiyo flagelini, na ndani ya bafa isiyo na chakula cha kujengea mwili haiitengenezi. Kwa hiyo kusubiri saa moja mezani mkitumaini "zitapona" ni kupoteza saa moja.

Balaa kamili linakuja kwenye mutanti. Aina asili imeshughulikiwa Jumatatu na mtu mwenye mkono mwepesi. Mutanti ameshughulikiwa Alhamisi na mwenye haraka. Moja inaogelea, nyingine haiogelei, na jeni lisilo na hatia linapewa kazi ya kuendesha flagela. Hapo ripoti inaandikwa, grafu inachorwa, na mtu anayefuata anajenga juu yake. Jamani, aina asili na mutanti huoshwa siku moja, kwa sentrifuji moja, kwa mkono mmoja. Halafu mutanti achomwe pia kwenye agari laini ya asilimia 0.25 hadi 0.3, ambako hakuna pipeti wala sentrifuji: akitanua duara humo wakati kwenye slaidi amelala, shida ni mkono.

Basi uoshaji uwe hivi. 1,500 g kwa dakika 5 hadi 10, joto la chumba. Mwaga maji ya juu taratibu kwa sababu tonge litakuwa laini. Ongeza mililita 1 ya bafa ukiiteremsha kwenye ukuta wa mrija, laza mrija, uviringishe kwa vidole, kisha uuache dakika 5 hadi 10. Seli zenye flagela nzima hujitawanya zenyewe kwa kuogelea, na hiyo peke yake ni kipimo. Rudia mara moja au mbili. Kama kazi haihitaji kuosha kabisa, usioshe: punguza seli mara 50 kwenye bafa na uangalie.

Na katika kila hatua, tone moja chini ya hadubini. Tone kutoka chupani kabla ya lolote, tone baada ya mzunguko wa kwanza, tone mwishoni. Dakika tatu hazifiki. Zikiogelea chupani na zikalala mwishoni, hakuna cha kuandika kuhusu bakteria.

3. Kuzeni kwa nyuzi 30

E. coli aliyekuzwa kwa 37 hutengeneza flagela kidogo, kwa 42 karibu hatengenezi, na glukosi kwenye mchuzi huzima jeni za flagela kwa kuishusha cAMP, molekuli ya ishara ndani ya seli. Basi triptoni asilimia 1, chumvi asilimia 0.5, bila sukari, punguzo la 1 kwa 100 kutoka kwenye mbegu ya usiku (mchuzi wa seli uliokuzwa usiku kucha), mvune OD ikiwa 0.4 hadi 0.6. Na stima ikipotea usiku, andikeni, kwa sababu chumba chetu wakati wa kaskazi hakibaki 30.

4. Maji

Maji ya visima vya mjini kwetu yana chumvi, kila mtu anajua. Ya bomba yana klorini. Yote mawili hayaingii kwenye bafa. Lakini hata maji yaliyochujwa vizuri yakipita kwenye chombo chenye shaba yanabeba chembe za metali, na shaba kidogo tu hulaza seli. Kuzikamata chembe hizo ndiyo kazi ya EDTA, ambayo kila mwaka kuna mtu anaiacha akidhani ni ya kuua. Bafa yetu: fosfeti ya potasiamu milimola 10 kwa pH 7.0, kloridi ya sodiamu milimola 67, EDTA milimola 0.1, laktati ya sodiamu milimola 10, methionini mikromola 1. Laktati ni nishati. Methionini ni ya kupinduka: seli zisizoweza kujitengenezea zikiikosa, zinaendelea kuogelea lakini zinaacha kubadili mwelekeo, nanyi mnaona mistari mirefu na kufurahi bure.

Vioo visuuzwe mpaka sabuni iishe. Seli zikishika kioo, Tween 20 ya asilimia 0.005 inasaidia.

5. Hewa chini ya kifuniko

Mnatazama katikati ya slaidi dakika ya kwanza, zinaogelea. Mnakwenda kunywa maji, mnarudi, zimelala. Hazikuchoka.

Bafa yetu haina kitu cha kuchachusha, kwa hiyo oksijeni ikiisha, mteremko wa protoni unaporomoka na mota inasimama. Seli bilioni moja kwa mililita humaliza oksijeni iliyoyeyuka kwa dakika chache. Na ya kutoka pembeni haifiki kwa wakati: oksijeni husambaa majini kwa mikromita za mraba 2,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kusafiri sentimita moja kunachukua kama masaa 7. Nendeni ukingoni mwa kifuniko au kwenye kiputo cha hewa, mtakuta zinaogelea na zimejaa. Theodor Engelmann aliitumia tabia hiyo miaka ya 1880 kama kifaa: aliangazia mwani kwa rangi mbalimbali za mwanga na kuwaacha bakteria wamwonyeshe, kwa kukusanyika, ni wapi oksijeni inatoka. Alipima usanisinuru kwa kundi la bakteria! Kwangu hilo ni mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote yaliyowahi kufanywa kwa hadubini.

Dawa yake: punguzeni seli hadi milioni 10 kwa mililita au chini, chumba kiwe cha utepe wa pande mbili, unene wa mikromita 100, na tazameni ndani ya dakika 10.

6. Si kila kinachosogea kinaogelea

Huku nako kuna kosa la upande wa pili, la wanaoona uogeleaji kila mahali. Seli iliyokufa husukumwa na molekuli za maji. Kwa kitu cha upana wa mikromita 1, usambaaji ni karibu mikromita za mraba 0.4 kwa sekunde; kwenye picha yenye pande mbili, sekunde moja inampeleka kama mikromita 1.3, na sekunde kumi kama 4 tu, kwa kuwa umbali unakua kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha muda. Muogeleaji anafika 25 kwa sekunde moja. Tofauti hiyo haihitaji jicho kali, inahitaji saa na mizani ya picha.

Halafu kuna mkondo. Seli zote zikielekea upande mmoja kwa mwendo mmoja, ni maji yanayokwenda: kifuniko hakijazibwa, feni inakausha ukingo, au kiyoyozi kimepoza hadubini huku slaidi imetoka kwenye nyuzi 30. Zibeni kwa mafuta ya mgando yaliyochanganywa na parafini, kisha subirini dakika 2. Kipimo cha kulinganisha ni seli za chupa hiyohiyo zilizokaa nyuzi 60 kwa nusu saa. Wekeni slaidi yake pembeni kila siku ya kazi.

7. Vibrio ana chumvi yake

Nyinyi mnaokuja na maji ya Mtwapa na Tudor, msimwoshe Vibrio kwa bafa ya E. coli. Wengi hupasuka kwa kukosa chumvi, na waliobaki wamenyimwa mafuta ya mota. Flagela ya ncha ya Vibrio inaendeshwa na sodiamu. Mpeni Tris milimola 50 kwa pH 7.5, kloridi ya magnesiamu milimola 5, glukosi milimola 5, kloridi ya sodiamu milimola 300. Ukitumia Vibrio alginolyticus asiyekuwa na flagela za ubavuni, ukabadilisha sodiamu yote kwa potasiamu kwa kiasi kilekile, seli zinabaki nzima na mota inasimama. Rudisha sodiamu, zinaondoka tena. Hakuna onyesho zuri kuliko hilo kwa mgeni wa maabara. Mota hiyo ilipimwa mwaka 1994 ikifikia mizunguko 1,700 kwa sekunde.

Msimtafutie kupinduka kwa E. coli. Ana flagela moja, hana fungu la kufumuka. Anakwenda mbele, anarudi nyuma kwa kugeuza mota, na anapoanza tena kwenda mbele, ile kulabu fupi inayounganisha mota na uzi inajikunja chini ya mzigo na kumrusha ubavuni, mara nyingi karibu nyuzi 90. Programu zenu za kufuatilia zinahesabu kurudi nyuma kama "kupinduka kwa nyuzi 180". Tenganisheni haya mawili kabla ya kuchora chochote.

8. Miduara

Kila mwaka kuna anayekuja akikimbia: "seli zangu zinazunguka duara, zimeharibika!" Hazijaharibika. Ziko karibu na kioo. Fungu la flagela linazunguka upande mmoja na kiwiliwili upande mwingine. Vikikaribia ukuta, kichwa kinabingirika kulia na mkia kushoto, na njia inajipinda. E. coli akitazamwa kutoka upande wa maji anazunguka kwa mwelekeo wa saa. Kwenye hadubini yenye lenzi juu, seli zilizo sakafuni mnaziona hivyo. Zile zilizo chini ya kifuniko mnazitazama kupitia kioo, kwa hiyo zinaonekana kinyume cha saa. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujua mmelenga uso upi. Lakini hakikisheni kwanza kamera haina kioo kinachogeuza picha: andikeni herufi R kwenye slaidi, mtazame. Picha iliyopinduliwa juu chini kwa kuzungushwa haina shida. R iliyogeuzwa kushoto kulia ina shida.

Mnaotaka mwendo halisi, lengeni angalau mikromita 30 kutoka kwenye kila kioo.

9. Kamera na kipimajoto

Picha 30 kwa sekunde zinatosha kufuata njia. Howard Berg na Douglas Brown walionyesha mwaka 1972 kwamba E. coli hukimbia kwa wastani wa sekunde 1 hivi, hupinduka kwa sekunde 0.1, kisha huelekea upande mpya kwa wastani wa nyuzi 68. Kwa picha 30, kupinduka ni picha tatu. Kwa picha 10 kwa sekunde hamna data ya kupinduka, hata programu iwe nzuri vipi.

Seli huogelea kwa pande tatu, nanyi mnapiga pande mbili. Kama mielekeo yote ni sawa, wastani wa mwendo mnaouona ni 0.785 ya mwendo wa kweli.

Joto liandikwe kwa kila video, na lipimwe kwenye meza ya hadubini, si kwenye rimoti ya kiyoyozi. Maji ya nyuzi 20 yana mnato wa milipaskali-sekunde 1.00, ya nyuzi 30 yana 0.80. Asilimia 20 hiyo inatosha kumtengenezea mutanti "tofauti" ambayo ni tofauti ya asubuhi na adhuhuri.

10. Mkishaweza kuziacha nzima, ndipo mzikate

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya kufunga seli kwenye kioo, ile ya Silverman na Simon. Hapa sindano ya geji 26 ina haki yake. Kateni nyuzi kwa makusudi, osheni mara tatu kuondoa vipande vilivyoelea, kwa sababu visipoondoka vinaimeza kingamwili yote. Wekeni seli kwenye kioo kilichopakwa kingamwili ya flagelini, au tumieni aina yenye flagelini inayonata yenyewe, ambayo haihitaji kingamwili. Subirini dakika 15, sukumeni bafa mpya polepole kuondoa zisizoshika.

Seli iliyofungwa kwa kishina kimoja inazunguka kama mara 10 kwa sekunde, polepole kiasi cha kuonekana kwa jicho, kwa sababu mota sasa inabeba kiwiliwili chote. Huu ndio mzigo mkubwa, na hapa mota inatoa nguvu yake ya juu kabisa ya kuzungusha. Nguvu hiyo inabaki karibu ileile mpaka mizunguko 170 hivi kwa sekunde kwa nyuzi 23, kisha inaporomoka na kuisha karibu na 300. Mkiziona kasi zikipanda kwa ngazi zilizo sawa, msidhani hadubini imeyumba: ni stata (vipande vya protini vinavyoisukuma mota) zinazojiunga na mota moja baada ya nyingine, na E. coli anaweza kufikisha angalau 11.

Chagueni seli inayochora duara safi kuzunguka nukta moja. Inayosita upande uleule katika kila mzunguko inagusa kioo, na hiyo muiache.